Mwalimu wa Chapa na Diski Isiyo na Sauti

Mwalimu wa Chapa alikuwa akitamka "kalatasi", "balua" na "kula ya sili", lakini katika miaka yote niliyomfahamu sikuona hata mara moja herufi hizo zimekosewa kwenye kitu alichochapa yeye. Mdomoni mwake r haikuwepo. Kwenye vidole ilikuwepo. Kisukuma kilikuwa kimemkaa ulimini na hakuona haya nacho, ila wanafunzi wapya walipata tabu na imla yake. Mmoja alitajiwa tangazo la mkutano wa ushirika akaandika kama alivyosikia: wajumbe wote wafike mapema, kula itaanza saa nne asubuhi. Tangazo likabandikwa. Wajumbe wakafika mapema kweli, na wengine hawakunywa hata chai nyumbani.

Mwanafunzi alipoitwa kujieleza, alisema, "Mwalimu, wewe mwenyewe ulisema kula."

"Mimi nilisema kula," akajibu, "wewe ulitakiwa uandike kula. Masikio unayo, akili umeiacha kwenu?"

Darasa lilicheka mpaka likakatazwa. Yeye hakucheka. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akisimulia kisa hicho kwa kila mgeni, na akifika kwenye chai alikuwa akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga. Mbele ya wanafunzi tu ndipo hakucheka.

Naandika haya kwa woga. Ukurasa huu nimeufuta na kuuanza upya mara nyingi, kwa sababu namwona amesimama nyuma yangu akiniambia soma kwa sauti. Mimi ndivyo nilivyo. Nikifunga skrubu narudi kuikagua, na nikimkabidhi mteja kompyuta yake natamani nimfuate mpaka kwake nione kama imewaka. Sijasomea kazi hii. Nilijifunza kwa video za kwenye simu na kwa mashine mbovu ambazo watu walikuwa wamezitupa, hapa hapa Ushirombo, na kila mteja mpya akiingia nasubiri kwa hofu aulize nilisoma chuo gani. Wengi huuliza jingine: wakikuta msichana kwenye kiti wanauliza fundi yuko wapi.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kuniuliza lile la chuo. Nilimjibu kwamba nimejifundisha mwenyewe.

"Basi una mwalimu mbaya na mwanafunzi mkaidi," akasema. "Kaa hapo. Fungua hii tuone."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye chumba cha chapa, na sikutoka tena moja kwa moja.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya kanisa, mali ya parokia. Zamani kilikuwa na taipureta. Mimi nilikuta kompyuta, kuukuu zote, za msaada, zilizokwisha kuzeeka mahali pengine kabla ya kuletwa kwetu. Vumbi jekundu lilikuwa limeingia mpaka kwenye nati. Asubuhi walikuwepo wanafunzi, watoto wa wakulima waliomaliza kidato cha nne na hawakuwa na mahali pa kwenda. Mchana waliingia wateja, wengi wao wachimbaji wadogo, wanaotaka kuchapiwa makubaliano: nani mwenye duara la kuchimbia, nani anahudumia chakula, nani anashuka shimoni, mawe yakitoka yagawanywe vipi. Waliingia na buti zenye tope kavu, wakisema kwa sauti ya watu waliozoea kelele za karasha, zile mashine za kusaga mawe. Mwalimu akiwaambia wavue buti mlangoni, walivua. Nimeona mtu ambaye machimbo mazima yalimwogopa akisimama peku mbele ya Mwalimu huku soksi zimetoboka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sema shida yako polepole. Hapa si shimoni."

Njia yake ya kufundisha ilikuwa khanga. Mwanafunzi akishajua herufi zilipo, Mwalimu alimfunika mikono kwa khanga, kibodi na vyote, kisha akaanza kutaja maneno. Ukitaka kuchungulia huoni kitu. Ukikosea unasikia mwenyewe, kwa sababu baada ya kila ukurasa alitaka mtu asome kwa sauti kilichoandikwa, chote, pamoja na nukta na mkato. "Macho ni ya kutazama watu," alikuwa akisema. "Kuchapa ni kazi ya vidole na masikio." Wengine walilia. Niliwahi kumkuta binti mmoja nje, anasema Mwalimu anawatesa kama vipofu. Binti huyo leo ni katibu muhtasi katika ofisi moja ya serikali na nasikia watu huja kumwangalia anavyochapa huku akiongea na simu.

Na alikuwa na maneno yake kuhusu mashine, ambayo yalienea mpaka kwa watu wasiojua yalianzia wapi. Kompyuta ikiwa inafungua kitu, ile hadidiski ya zamani ikikwaruza ndani, alisema inatafuna. Kazi ikihifadhiwa, diski ikatoa mkwaruzo mfupi kisha ikatulia, alisema imemeza. Ikikwama, imesakamwa. Ukiingia steshenari yoyote Ushirombo utasikia vijana wakiulizana, "Imemeza?" "Bado inatafuna." Mashine za chumba kile zilitafuna muda mrefu sana. Mwalimu alikuwa amelijenga somo lake lote juu ya kungoja huko. Akiwasha ya kwake, darasa lilisimama kwa sala, baada ya sala mafundisho mafupi ya nidhamu, baada ya nidhamu ukaguzi wa kucha. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa wala kusema neno mpaka atamke, "Imeamka." Hapo ndipo walikaa.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na kiburi. Akikosea tarehe ya sikukuu ya somo wa parokia, kalenda ndiyo iliyokosea. Aliwafukuza wanafunzi waliochelewa kwa dakika chache, na yeye mwenyewe aliingia misa ya kwanza wakati wa mahubiri, Jumapili baada ya Jumapili, akipita katikati ya kanisa kwa hatua za taratibu huku anawasalimia watu kwa kichwa. Aliwasema vibaya wanawake wanaovaa nywele za bandia na yeye alikuwa nazo, mbili, moja ya sherehe. Alinikataza kula karibu na mashine, kisha alasiri nikamkuta na karanga za kukaanga, maganda yamejaa kwenye kibodi. "Zimeletwa na mzazi," akasema, kana kwamba karanga za mzazi hazina maganda. Na alikuwa mwongo wa mambo madogo. Akikupita sokoni bila kukuitikia, kesho yake alisema alikuwa kwenye rozari. Nilimwamini. Nilidhani ni mtu wa sala nyingi kuliko alivyoonekana.

Lakini alinipa kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyenipa. Nilipotaka kurudia kazi kwa mara ya nne kwa sababu skrubu moja haikufanana rangi na wenzake, alinishika mkono. "Mayu," akasema, neno la Kisukuma la mama, ambalo wazee huwaita hata mabinti wadogo wanapowaonea huruma, "hiyo imekwisha. Ondoka hapo kabla hujaiharibu."

Tatizo lilianza pale wanafunzi walipoanza kuhama. Kulikuwa kumefunguliwa chumba kingine karibu na stendi, chenye kompyuta mpya. Kamati ya parokia ikamwita Mwalimu, naye akaniita mimi nikae pembeni yake.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa adabu, mkulima wa pamba, hakupenda kumkwaza mtu. Alizunguka sana kabla ya kusema. "Mwalimu, watoto wanalalamika. Wanasema hapa ukiwasha kompyuta unaweza kwenda sokoni ukarudi ukaikuta bado."

"Sokoni waende kufanya nini? Hela wanazo?"

Wajumbe wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, kisha akakohoa. "Tunasema kwa heshima. Parokia haina uwezo wa kununua mashine mpya. Darasa jipya likianza na mambo yakiwa hivi hivi, chumba tutakifunga, tuweke viti na maturubai ya kukodisha."

Tulitoka nje. Mwalimu alitembea mpaka kwenye mlango wa chumba chake, akaushika kwa kiganja. "Wakifunga hapa, binti yangu wa Mhunze atakuja kunichukua siku hiyo hiyo. Amekwisha kusema. Ataniweka barazani kama mgonjwa, nilishwe, nioshwe, niulizwe nimelala vipi." Aliusukuma mlango. "Mimi si mgonjwa. Nina kazi."

Nilimwambia kuna njia. Nilikuwa nimeshaijaribu kwenye mashine yangu mwenyewe, kuukuu kuliko zake. Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya kamati nikiwa nimeshika mkono huu hadidiski niliyoifungua, na mkono huu SSD, kile kijidude chepesi kama kisanduku cha kiberiti kilichokanyagwa.

"Hii ya zamani," nikasema, "ndani ina sahani inayozunguka, na kidole cha chuma kinachotembea juu yake kutafuta. Kila unapofungua kitu, kidole kinatembea. Kikikosa, kinarudi. Hii nyingine haina sahani wala kidole. Ni chipu za kumbukumbu tupu, kama za kwenye flashi, ila zimetengenezwa kwa kazi nzito. Hakuna kinachotembea, kwa hiyo hakuna kungoja."

"Kwa hiyo kompyuta zetu hazijazeeka?" akauliza Mwenyekiti.

"Zimezeeka. Lakini huo uchovu mnaouona ni wa kidole."

Nilikuwa nimeshaiweka kwenye mashine moja. Nilimwomba Mwenyekiti aiwashe mwenyewe. Alibonyeza, akaanza kutafuta miwani mfukoni, na kabla hajaivaa mashine ilikuwa tayari. Mjumbe mmoja akasema, "Yesu na Maria." Wakakubaliana kuchangisha kanisani, na hata wachimbaji waliowahi kuchapiwa makubaliano pale walitoa chochote.

Mwalimu aliuliza swali moja tu.

"Inalia?"

"Hailii kabisa, Mwalimu," nikajibu kwa fahari. "Kimya."

Alitikisa kichwa taratibu. "Haya," akasema.

Nilizifuata diski Kahama mwenyewe, nikazipakata njia nzima. Kisha nikajifungia chumbani mle na mashine zote. Nilitoa hadidiski, nikafunga SSD, nikapiga windo upya, yaani nikaweka mfumo mpya kuanzia mwanzo, nikaongeza na kumbukumbu ya ndani pale ilipowezekana. Fundi wa kawaida angeishia hapo. Mimi nilipuliza vumbi lote, nikazitia mafuta feni zilizokuwa zikilalamika mpaka zikanyamaza, nikazima na ule muziki wa kuwakia kwa sababu uliniudhi. Nilitaka mtu akiingia asisikie kitu. Nilipomaliza niliziwasha zote kwa pamoja na kukaa katikati yake, na ilikuwa kama zimezimwa. Sijawahi kufurahia kazi yangu kama nilivyoifurahia ile.

Asubuhi ya darasa jipya wanafunzi walisimama. "Shikamoo, Mwalimu!" "Marahaba. Leo tuzione mashine za Fundi." Alibonyeza ya kwake, akainamisha kichwa kidogo upande kama kawaida yake, akaanza sala. Kioo kikawaka. Hata "Amina" haijafika, mashine ilikuwa inangoja kazi. Wanafunzi walitazamana, lakini sheria ilikuwa ni ile ile, hakuna kusema mpaka aseme yeye. Alimaliza nidhamu. Alikagua kucha. Alirudi mezani, akasikiliza. Kisha akanyoosha kidole akabonyeza tena, na mashine iliyokuwa hai mbele ya macho ya watu wote ikazimika.

"Fundi," akasema, "mashine yako imekufa."

Darasa likaangua kicheko. Tulidhani ananitania. Nami nilicheka, nikaenda nikaiwasha. "Imewaka, Mwalimu."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Sijaisikia."

Ningekuwa mtu mwingine labda ningelishika neno hilo. Mimi niliwaza kosa langu. Walipotoka nilifungua mashine yake, nikakagua swichi, nyaya na skrubu zote. Kesho yake nikaifungua tena. Sikuona kitu, na hilo lilinitia hofu zaidi.

Siku chache baadaye alikuja mchimbaji mmoja mtani sana, anataka makubaliano ya duara jipya. Mimi nilikuwa kwenye kona na bisibisi yangu.

"Mama, nichapie upesi. Wenzangu wamekaa pale juu ya mawe kama kuku wanaoatamia, wananingoja mimi."

"Waache waatamie. Vua buti."

Alivua. Akaeleza, naye Mwalimu akaanza kuchapa, mgongo wima, vidole vikienda kama mvua kwenye bati. Hakuna kitu kizuri kama hicho ambacho nimewahi kukiona kikifanywa na mikono. Ukurasa mzima, bila kusita. Akamaliza, akabonyeza pa kuhifadhi, akangoja, akainamisha kichwa upande. Akangoja tena.

"Soma kwa sauti," akamwambia mchimbaji, "tuhakikishe."

"Nisome nini, Mama?"

"Ulichosema."

"Hakuna kitu hapa."

"Acha utani, mtu mzima wewe."

"Haki ya Mungu vile. Kuna picha ya ziwa tu."

"Labda hujui kusoma."

"Kusoma najua, Mama. Ila ziwa halisomeki."

Nilinyanyua kichwa nicheke. Ile programu ya kuandikia haikuwa imefunguka. Alikuwa amebonyeza vibaya pale mwanzo, na zamani mkwaruzo ungemwambia kama inafunguka au haifunguki. Safari hii hapakuwa na mkwaruzo wowote, akaanza kuchapa, na maneno yote yakaenda hewani. Ziwa, ile picha ya mwanzo ya kompyuta, lilikuwa limejaa kioo kizima, la buluu. Mwalimu aligeuza uso kulitazama, na uso wake haukuelekea kwenye kioo. Ulielekea pembeni, kwenye mwanga wa dirisha.

Yote yalinijia kwa mkupuo mmoja: khanga, soma kwa sauti, rozari ya sokoni, hatua zile za taratibu kanisani wakati watu wote wameshakaa na njia iko wazi.

"Umeme umekatika kidogo hapo," Mwalimu akamwambia mchimbaji.

Mchimbaji akatazama juu. Pangaboi lilikuwa linazunguka. Akamtazama Mwalimu, akanitazama mimi, na uso wake wa utani ukaondoka. "Ndiyo umeme wetu huu, Mama," akasema kwa upole. "Fundi atamalizia."

Nilimalizia. Mwalimu alinitajia makubaliano yote kwa kichwa, hakuacha hata jina. Mchimbaji alipoondoka aliniambia nifunge mlango.

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu kabla hujaja na bisibisi yako. Ni presha ya macho. Daktari alisema nimechelewa." Alikuwa akikunja khanga ya darasa, ncha kwa ncha. "Mwanga nauona. Mtu akisimama mlangoni namwona. Herufi ndizo zimeniacha. Zile mashine za mwanzo zilikuwa zinaniambia. Ikitafuna najua, ikimeza najua. Hii yako inafanya kazi kama mwizi."

Nilimwambia nitarudisha ya zamani kwenye mashine yake peke yake.

"Ili waulize kwa nini ya mwalimu ndiyo ya mwisho kuamka? Hapana. Na zote huwezi kurudisha, watafunga chumba." Aliiweka khanga mezani. "Usimwambie mtu."

"Simwambii."

"Hata binti yangu akikupigia."

"Hata yeye."

Kilichofuata ni kwamba nilikosa usingizi, kama ninavyokosa kila kitu kikinishinda. Nilitafuta, nikaona kuna programu za kusoma kilichopo kwenye kioo kwa sauti, na mojawapo ilikuwa na Kiswahili. Kwenye diski ya zamani ingekwama kila neno. Kwenye hii mpya ilienda bila kusita: unachapa neno, inalitamka hapo hapo. Nilimpelekea alasiri moja chumba kikiwa kitupu. Sauti yenyewe ilikuwa ya kiume, kavu, kama mtu anayeongea ndani ya debe.

"Huyu mwanaume ni nani?"

"Ni mashine tu, Mwalimu."

"Anasema Kiswahili kama hakimu anayesoma hukumu." Alichapa jina la mji wetu, likatamkwa lote, pamoja na r yake. Akatabasamu kidogo. "R anayo."

Nilidhani amekubali. Nikamwonyesha na waya za masikioni, ili asikie peke yake.

"Mwalimu aliyeziba masikio atasikiaje darasa? Na wataniuliza nasikiliza nini." Tabasamu likaisha. "Zima, mayu. Hiki kitu kitasema mbele ya watu neno ambalo mimi mwenyewe sijalisema."

Nilizima.

Hakumaliza muhula. Aliwaambia kamati kwamba miguu inamsumbua. Kanisani walimpa kitenge na kuku wawili, Mwenyekiti akahutubia, na kila mtu alimpa pole ya miguu. Nilikuwepo. Alitembea mpaka altareni na kurudi, kwa miguu mizuri kabisa, huku mtu akimshika mkono kwa heshima. Mimi nilipewa makofi kwa kuokoa chumba. Mpaka leo chumba kiko wazi, kina kijana mwingine anayefundisha, na wanafunzi wamerudi. Mashine zinaamka kabla sala haijaanza, kwa hiyo sala wameiacha.

Nilikaa muda mrefu bila kwenda kumwona. Nilijiambia nasubiri nafasi, lakini ukweli ni kwamba sikujua nitamsalimia kwa uso gani. Mwaka huu, baada ya mavuno, nilipanda basi nikaenda Mhunze. Binti yake, Mama Kulwa, alinipokea barabarani. Ni mtu mwema, mwenye haraka.

"Karibu, mdogo wangu. Mama atafurahi. Hajambo, ni miguu tu. Namwambia ajizoeze kutembea, hataki, anakaa tu. Naanza kuamini ni uvivu wa uzee."

Mwalimu alikuwa barazani kama alivyosema atakuwa, nywele za sherehe kichwani. Nilipiga goti. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi." Aliijua sauti. Akageuza uso upande wangu, akasema kwa nguvu ili asikike ndani, "Umenenepa!"

Nimepungua sana mwaka huu. Nguo zinanivuka. "Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Nakula vizuri."

Mama Kulwa alileta soda, akaiweka juu ya stuli, akarudi ndani kuosha vyombo. Mwalimu hakuinyooshea mkono. Niliichukua nikampa, akanywa kidogo, akaniuliza habari za Ushirombo, nani ameolewa, nani amefariki, kijana anafundisha vipi. Nilimwambia anaruhusu watazame vidole. Alisonya, nami nikafungua zipu ya mfuko wangu.

"Kwenye huo mfuko umebeba nini? Nimesikia zipu, na kitu kizito."

"Laptopu, Mwalimu. Kuukuu. Nimeiwekea diski ile ile ya chipu."

"Yule mwanaume yumo?"

"Yumo."

"Niwekee hapa."

Niliiweka mapajani mwake. Vidole vyake vilitambaa juu ya kibodi mpaka vikapata vile vinundu vidogo vya herufi F na J, vikatulia hapo. Mgongo ukawa wima. Ndani, vyombo vilikuwa vikigongana kwenye beseni. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta waya za masikioni.

"Acha waya."

"Mwalimu, atasikia."

"Nimesema acha."

Nikaacha. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua mzigo, kisha akaanza kuchapa, taratibu kuliko nilivyowahi kumwona, akiacha nafasi baada ya kila neno, na kila neno likatoka kwa sauti ile kavu mpaka ndani ya nyumba.

"Mama. Kulwa. Miguu. Yangu. Ni. Mizima. Mimi. Sioni."

Vyombo vikanyamaza.

"Mama?" Mama Kulwa akaita kutoka ndani. "Nani huyo anaongea?"

Mwalimu aliinua mikono kutoka kwenye kibodi, akaiweka juu ya magoti yake.

"Ni mimi," akasema.